Kikundi cha ukoo: kujikaza au kupumzika?

Tumaini: Shikamooni wakubwa. Nina swali kwenu mnaoandika, mnaochora na mnaorekodi. Mtu akikwama katikati ya kazi, anajuaje kama ajikaze au apumzike? Kila ninayemuuliza ananipa mstari wake. Mmoja Mithali 24, mvivu anayekunja mikono. Mwingine Zaburi 127, Mungu humpa mpenzi wake usingizi.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Mistari hiyo haigombani, inasema na watu wawili tofauti. Yule wa Mithali 24 ameacha shamba limeota miiba na ukuta umebomoka. Yule wa Zaburi 127 anaamka mapema, anakawia kulala, anakula chakula cha taabu. Kazi anafanya tena kupita kiasi, ila ana hofu kwamba asipojitesa nyumba haitasimama. Kwa hiyo kabla hujashika mstari, jiulize wewe ni yupi wiki hii. Nasema wiki hii, kwa sababu mtu yuleyule anaweza kuwa wote wawili ndani ya mwezi mmoja.

Mjomba Festo: Kweli kabisa. Halafu tazama amri ya kupumzika imewekwa wapi. Kutoka 31, mstari wa 1 hadi 11, Mungu anamwita Bezaleli kwa jina, anamjaza roho na ujuzi wa dhahabu, fedha, shaba, vito na miti, na Oholiabu anapewa awe naye. Mstari wa 12 unaingia moja kwa moja kwenye Sabato. Kazi ilikuwa hema ya Mungu mwenyewe, na bado haikuruhusiwa kuila siku ya saba. Sura ya 35 Musa anapoitangaza kazi hiyo kwa watu, anaanza na Sabato, ndipo anaomba michango. Pumziko lilipangwa kabla mtu hajashika nyundo.

Baraka: Sawa Mjomba, lakini kazi nyingine zina tarehe. Wimbo unatakiwa ibadani Jumapili ijayo na haujaisha. Hapo je?

Mjomba Festo: Kutoka 34:21, Baraka. Siku ya saba utapumzika, hata wakati wa kulima na wakati wa kuvuna. Yametajwa majira yaleyale ambayo mkulima ana haraka kuliko yote. La tarehe nitalirudia.

Shangazi Rehema: Tumaini, kukwama kuna aina zake. Kwanza kuna woga. Dalili zake: unapanga meza, unatafuta kalamu nzuri, unasoma "kwa ajili ya utafiti" siku ya tatu sasa. Mhubiri 11:4, anayeangalia upepo hatapanda. Woga hauponi kwa kulala. Weka saa dakika 20, simu ipeleke chumba kingine, chukua kipande kidogo kuliko vyote, labda majibizano ya wahusika wawili au mistari minne ya ubeti, uandike hata vibaya. Saa ikilia na mkono bado unakwenda, ulikuwa woga tu, endelea.

Ila kama dakika zote 20 umeandika mstari ukafuta, ukaandika ukafuta, funga. Lala usiku mzima, rudia asubuhi. Ikienda, ulikuwa uchovu. Isipoenda na umelala vizuri, kosa liko ndani ya kazi yenyewe, na mara nyingi haliko pale ulipokwama. Rudi nyuma kurasa tatu au nne, soma kwa sauti. Utakuta mahali mhusika kafanya jambo ambalo hana sababu ya kulifanya, na tangu hapo umekuwa ukimsukuma kwa nguvu. Rekebisha hapo. Kujikaza kwenye kosa ni kuongeza kurasa za kutupa.

Tumaini: Kumbe woga, uchovu, na kosa. Asante Shangazi.

Mama Mdogo: Ongeza kazi inayodai muda wake yenyewe. Kwenye rangi ya maji huwezi kujadiliana na karatasi. Umepaka anga, kung'aa kwa maji kumeanza kupotea, unaona doa moja unataka kulirekebisha. Ukigusa na brashi yenye maji sasa hivi, maji mapya yanaisukuma rangi ambayo haijakauka, inajikusanya pembeni na kuacha ukingo wenye mikunjo kama wa jani. Kuufuta ni kazi kubwa. Weka mgongo wa mkono juu ya karatasi bila kukandamiza: ikiwa ya baridi, bado ina unyevu. Baridi ikiisha ndipo unapaka tabaka la pili. Wakati wa kungoja shika karatasi nyingine au osha brashi, usikae unaitumbulia macho ile, utaigusa tu.

Mjomba Festo: Na masikio ni hivyohivyo. Wanaofanya miksi ya nyimbo za kwaya, yaani kusawazisha sauti zilizorekodiwa, wajue: ukisikiliza kwa sauti kubwa muda mrefu, sikio linazoea sauti kali na kuanza kuzikosa, nawe unaziongeza. Kesho yake wimbo unachoma masikio. Punguza sauti hadi mtu aweze kuongea na wewe bila kupaza, na kila saa moja toka nje dakika 10 au 15 pasipo muziki wowote. Maamuzi makubwa, kama sauti ya soprano iwe juu kiasi gani, yafanye asubuhi. Kwa waimbaji: koo likikauka na sauti kukwaruza, mazoezi yameisha siku hiyo. Wasome maneno kimoyomoyo. Na wasinong'one wakidhani wanajipumzisha, kunong'ona nako kunaweza kulichosha koo.

Baraka: Mimi huwa nasikia watu wakisema wanangoja Roho awashukie ndipo watunge.

Shangazi Rehema: 1 Wakorintho 14:32, roho za manabii huwatii manabii. Kuketi mezani saa uliyoiweka ni utii, si kukosa imani. Bezaleli alijazwa Roho na bado ilibidi achonge.

Mama Mdogo: Na uchovu ukiwa mkubwa, kumbukeni Eliya, 1 Wafalme 19. Chini ya mti wa mretemu aliomba afe. Malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Swali la "unafanya nini hapa" lilimfikia kwenye mlima Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Kwa hiyo ukiwa umechoka usiamue hatima ya kazi. Usifute mswada, usichane picha, usitume ujumbe wa kujitoa kwaya. Kula, lala, halafu uamue.

Tumaini: Na nikipumzika nirudi vipi? Shida yangu pumziko la siku moja linageuka miezi.

Shangazi Rehema: Kwa sababu unaacha ukiwa umekwama kabisa. Acha ukiwa bado unajua kinachofuata. Kabla hujafunga daftari andika mistari miwili: kesho naanza na nini, na swali gani halijajibiwa. Andika na tarehe ya kurudi. Ubeti unatosha kulala usiku mmoja. Rasimu nzima ya kitabu ipe wiki nne, ukiweza sita, hadi uisome kama ya mtu mwingine. Na siku ya kupumzika usiitumie kutazama kazi za wengine kwenye simu. Unarudi ukiwa umechoka zaidi, na wivu juu.

Kazi ikipotea au ikichomwa, hapo usikawie. Mfalme Yehoyakimu alikichoma kitabu cha Yeremia kipande kwa kipande, Yeremia 36. Baruku, mwandishi wa Yeremia, akaandika upya, na maneno mengi yakaongezwa. Faili likifutika, andika mpangilio wake wa kumbukumbu siku hiyohiyo, kabla akili haijasahau mpangilio wa sura.

Baraka: Na kujua imeisha?

Mama Mdogo: Kutoka 36, watu walileta vitu vikazidi, Musa akatangaza wasilete tena. Ukiona unaondoa mkato asubuhi na kuurudisha jioni, imetosha.

Mjomba Festo: Sasa ile tarehe yako, Baraka. Una nini mkononi?

Baraka: Beti mbili na kiitikio. Ubeti wa tatu umegoma.

Mjomba Festo: Kata wa tatu. Leo rekodi beti mbili na kiitikio kwenye simu, kila sauti peke yake, uzitume kwa kwaya usiku huu. Mazoezi Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu kila siku, Jumamosi mpitie mara mbili tu. Kiitikio cha mwisho mrudie bila ala. Ubeti wa tatu ukija baadaye, utaimbwa siku nyingine.

Baraka: Nimeelewa Mjomba. Naanza na sauti ya besi.