Magofu ndani ya msitu wa serikali, vijana wa kujitolea tuanzie wapi?

kijana_kilifi: Habari zenu wadau. Huku kwetu kuna magofu ndani ya msitu wa serikali, ukuta wa msikiti na makaburi mawili, miti imemea mpaka juu ya ukuta na mizizi inapasua mawe, inatuuma kweli. Tuko vijana kama kumi na tano, tushachanga tukanunua mapanga na mifuko miwili ya simiti, Jumamosi tunaingia tufyeke tuzibe nyufa, malipo hatutaki. Nani ashaifanya kazi hii atupe maarifa?

fundi_chokaa: Hongera kaka lakini hiyo simiti rudisheni dukani. Ukuta huo ni mawe ya matumbawe na chokaa, chokaa inapumua, maji yakiingia yanatoka, sasa ukipaka simiti unyevu na chumvi vinabaki ndani na jiwe linamomonyoka polepole nyuma ya kiraka chako, nimebandua viraka kama hivyo vingi mno. Na mizizi msing'oe jamani! Mara nyingine mzizi ndio ulioshika ukuta, ukiuvuta mnashuka nao. Mti unakatwa, kisiki kinaachwa kife chenyewe, na wa kusema ukatwe upi ni mtaalamu akiwa hapo hapo na nyinyi.

binti_gede: Naongezea, ruhusa ni mbili, msitu una wenyewe na gofu ni la Makumbusho ya Taifa kwa ile sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006, hata nia ikiwa njema kuchimba bila leseni ni kosa. Halafu msiokote kitu. Pale Gede, kwenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili, mwanaakiolojia Kirkman alipochimba kuanzia 1948 nyumba zilipewa majina kwa vilivyopatikana ndani, kuna Nyumba ya Mkasi, sasa mtu angeubeba ule mkasi akaupeleka kwao leo tungejua nini?

niko_marekani: Huku Huduma ya Misitu ina mpango unaitwa Passport in Time, voluntia anafanya kazi na waakiolojia wao kwenye ardhi ya misitu, hulipwi, unapewa kijitabu kama pasipoti kinagongwa muhuri kila ukishiriki. Niliingia nikidhani nitachimba, kumbe siku nyingi ni kupima, kupiga picha na kuandika. Hiyo mnaiweza, ufa ule ule upigeni picha kila mwezi na rula pembeni, mtaalamu akija anaona umekua kiasi gani.

kijana_kilifi: Asanteni sana, mapanga tumeyaweka kando, Jumatatu wawili wetu wanakwenda makumbusho. Ila kuna mwenzetu mwezi uliopita aliokota vigae viwili vya bakuli vyenye maua ya buluu, avirudishe pale pale?

binti_gede: Asirudishe mwenyewe mdogo wangu. Awaonyeshe alipoviokota, hapo hapo hasa, mpige picha na muandike, kisha vigae muende navyo hiyo Jumatatu. Na mkiona mashimo mapya ya wale wanaotafuta mali kwenye makaburi semeni siku hiyo hiyo, msingoje.