Maafisa mikopo, acheni kuficha riba nyuma ya "fleti" na "ridyusingi"

Wakuu salaam. Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na zile za kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba za kuumiza. Hapa naongelea taasisi yenye leseni, ofisi ya vioo na kiyoyozi.

Juzi nilimsindikiza mama mdogo kuchukua mkopo wa kuongeza mtaji wa duka lake la vitenge. Milioni moja, mwaka mmoja. Afisa mikopo, kijana wa kumzaa kabisa, akaanza kutiririka: "Mama, hii ni fleti reti, tatu pasenti pa manthi, prosesingi fii inakatwa apufronti, ukidifoluti kuna penalti." Mama mdogo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, kila mwezi nalipa shilingi ngapi, na mpaka namaliza nitakuwa nimewapa ngapi?" Jibu alilopewa: "Hiyo utaiona kwenye skedyuli, mama, sistimu ikishatoa. Saini hapa, hapa na hapa."

Mkataba wenyewe Kiingereza kitupu, herufi kama chawa.

Nikatoa simu nikapiga hesabu palepale. "Fleti" maana yake riba inakatwa kwenye milioni nzima kila mwezi, hata kama deni umeshalipunguza. Asilimia 3 ya milioni ni 30,000 kwa mwezi, mara 12, yaani 360,000. Ukijumlisha na mkopo unarudisha 1,360,000, kama 113,333 kwa mwezi. Angalieni mwezi wa mwisho: deni lililobaki ni 83,333 tu, lakini riba unayolipa ni ileile 30,000! Asilimia hiyohiyo 3 ingepigwa kwenye deni linalopungua, ambayo wao wanaiita ridyusingi, marejesho yangekuwa kama 100,460 kwa mwezi, na riba ya mwaka mzima haifiki 206,000. Tofauti ni zaidi ya laki na nusu, kwa neno moja ambalo mteja hakuelezwa. Na ukiigeuza hiyo fleti ya 3 iwe ya deni linalopungua, inapita asilimia 5 kwa mwezi. Nani angesaini kama angeambiwa 5?

Bado hiyo ada ya "apufronti". Inakatwa kabla hujashika hela, kwa hiyo unaondoka na pungufu ya milioni huku riba unalipia milioni kamili.

Nikamuuliza yule kijana kama wana mkopo wa ridyusingi. Akaniangalia, akaangalia kompyuta, akaenda kumwita bosi wake. Kumbe na yeye amekariri tu! Bosi akaja na "efektivu reti" na "risiki profaili ya klaienti". Mama mdogo akabeba mkoba wake, tukaondoka.

Najua watakuja wa kusema kila fani ina istilahi zake. Sawa. Mkiwa kwenye vikao vyenu ongeeni istilahi mpaka usiku wa manane, hakuna atakayewasumbua. Lakini mbele yenu ameketi mtu anayeweka rehani friji na kochi lake, na huyo anajua hesabu za biashara kuwashinda nyinyi. Anajua faida ya kila doti ya kitenge. Mpeni shilingi, mtaona kama haelewi.

Na msituambie hakuna utaratibu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ipo tangu 2018, na kanuni za Benki Kuu (BoT) za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019. Huku kaunta mambo ni yaleyale.

Wanaofanya kazi kwenye hizi taasisi najua mmo humu. Njooni mjibu: kinachowashinda kuandika ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, "unapokea kiasi hiki mkononi, unarudisha jumla hii" ni nini? Na asije mtu kuniambia ni "polisi" (sera) ya kampuni.