Idi na Xbox: gumzo la familia

Salma: Hamjambo nyote. Sasa nachezea kompyuta tu, mashine yangu ya gemu, Xbox Series X, imekaa bure kabatini. Idi mdogo wangu, nakupa wewe, na padi zake mbili za kuchezea. Pita uichukue.

Idi: Dada Salma, ahsante sana, Mungu akuzidishie. Ila mpe mwingine. Mimi sitaitendea haki.

Salma: Idi! Ina sehemu ya diski, ina terabaiti 1 ya kuhifadhi gemu, haina hata mkwaruzo.

Idi: Najua unavyotunza vitu. Tatizo si mashine.

Shangazi Rehema: Makubwa haya. Mtu anayekesha na gemu, leo anapewa bure anakataa?

Idi: Shikamoo shangazi. Sijakataa gemu, nimekataa Xbox.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Kwangu zote ni masanduku yanayokula umeme. Haya, tueleze.

Baba Mdogo: Ushabiki huo, hakuna kingine. Kama mtu na timu yake ya mpira, hata ikifungwa kila wiki haihami.

Idi: Hapana Ba'mdogo. Sony, wenye PlayStation, nao wana makosa yao. Aprili 2011 mtandao wao ulidukuliwa, akaunti zipatazo milioni 77 zikawa hatarini, na ukazimwa kwa zaidi ya wiki tatu. Halafu kwenye PlayStation ya tatu, PS3, kucheza mtandaoni kulikuwa bure, ilipokuja PS4 wakaanza kutoza. Sina kampuni ninayoitetea.

Juma: Sasa kaka Idi, shida nini? Mimi naona Xbox iko poa.

Idi: Ngoja niandike taratibu, maana jambo lenyewe nalijali.

Idi: Mimi nimekulia kwenye PS2. Gemu iliyonishika ni Shadow of the Colossus ya 2005. Majitu 16, kijana mmoja, farasi, upanga na upinde, basi. Njiani hakuna askari wa kuua wala mji wa kununua silaha, ni nchi tupu na upepo. Ukilifikia jitu unalipanda, unashika manyoya yake kwa kubana R1, na kwenye kona ya skrini kuna duara la nguvu zako linazidi kusinyaa. Jitu likijitikisa, kidole kinabana kitufe hadi kinauma, kana kwamba ukikiachia utaanguka wewe mwenyewe hapo sebuleni. Na likishakufa hushangilii. Unaona umeua kiumbe ambacho hakikukukosea kitu.

Idi: Tangu hapo nikajua ninachotafuta kwenye gemu. Nikawa nakisubiri kutoka kwa Xbox pia, kwa moyo safi. Miaka ikapita.

Salma: Xbox ilizaliwa na gemu ya Halo, Novemba 2001. Halo ilikuwa na muziki wake, na anga lile, na ile pete kubwa inayopinda juu ya kichwa chako. Usiseme haina roho.

Idi: Sisemi hivyo kamwe, dada. Ile pete ukiitazama mara ya kwanza unasimama. Ila baada ya Halo zikaja Gears of War, zikaja Forza, na kwa miaka mingi mtu akikuuliza Xbox ina nini unamjibu bunduki, bunduki na magari. Ni gemu zilizotengenezwa kwa ustadi. Si zangu.

Salma: Na Lost Odyssey?

Idi: Nilijua utaitaja.

Salma: Ndiyo naitaja! Gemu ya Kijapani, ya Hironobu Sakaguchi, mwanzilishi wa mfululizo wa gemu za Final Fantasy. Diski 4. Mhusika mkuu ameishi miaka elfu moja, kumbukumbu zake zinakujia kama hadithi za kusoma. Hiyo ni gemu yako kabisa, Idi, na ilitoka kwenye Xbox 360, Xbox ya zamani, peke yake.

Idi: Dada, hapo umeshika penyewe, kwa sababu ndipo maumivu yangu yalipo. Enzi hizo Microsoft, wenye Xbox, walitaka kuingia Japani kwa nguvu. Wakampa Sakaguchi nafasi, ikaja Blue Dragon 2006, ikafuata Lost Odyssey. Nikasema sasa hawa watu wameelewa. Kisha? Japani haikuitikia walivyotarajia, nao wakaachia kamba. Hakuna Lost Odyssey ya pili.

Idi: Ndiyo hoja yangu nzima, kama shangazi anataka kwa kifupi. Xbox ikigusa kitu kinachonivuta, haikai nacho.

Shangazi Rehema: Sasa angalau naelewa. Kama mchumba anayekuja na posa kisha haonekani.

Baba Mdogo: Mimi nilidhani utasema zile taa nyekundu. Si ndizo zilizokuwa zinaua mashine za watu?

Idi: Hizo hapana, Ba'mdogo. Ni kweli Xbox 360 zilikufa kwa wingi, taa 3 nyekundu zinawaka kuzunguka kitufe cha kuwashia na habari imeisha. Viungio vya ndani vilikuwa vinapata joto na kupoa, joto na kupoa, kila unapowasha na kuzima, hadi vinakatika. Lakini Julai 2007 kampuni ilijitokeza, ikaongeza dhamana ya tatizo hilo hadi miaka 3, ikatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya kazi hiyo. Kampuni inayolipa deni lake namna hiyo naiheshimu.

Baba Mdogo: Bilioni 1. Haya, hapo walionyesha ukomavu.

Juma: Na padi je? Watu wanasema ya Xbox ndiyo bora kuliko zote.

Idi: Padi yao naipenda, Juma. Ile ya 360 niliitumia kwenye kompyuta miaka mingi, inakaa mkononi vizuri. Shida yangu nayo ni ndogo na ni ya mazoea tu. Kwenye PlayStation alama ya msalaba, ambayo sote tunaiita X, iko chini. Kwenye Xbox iliyo chini ni A, na X iko kushoto. Gemu ikikurushia herufi X ghafla kwenye skrini, kidole gumba changu kinakwenda chini kabla sijafikiri. Nintendo nao X wameiweka juu. Mtu anayecheza zote tatu ana kazi.

Juma: Haha kweli, mimi Nintendo ya rafiki yangu inanichanganya hivyo hivyo.

Idi: Na mwaka 2018 walitoa padi ya watu wenye ulemavu, Xbox Adaptive Controller. Vitufe viwili vikubwa, na nyuma kuna safu ya matundu ya kuchomeka swichi za nje, kila mtu apange kulingana na mwili wake. Sony waliifuata njia hiyo 2023. Naisifu Xbox kwa hilo mbele ya yeyote.

Salma: Basi naona unaipenda, hujijui tu.

Idi: Naheshimu mambo yake mengi. Kupenda hakujaja. Twende kwenye Kinect.

Salma: Ee, Kinect jamani.

Idi: Wengine labda hamuikumbuki. Ni kamera iliyotoka Novemba 2010, unacheza kwa mwili bila kushika padi. Watu waliinunua kwa mamilioni. Kisha Mei 2013 wanatangaza Xbox One, wanasema kila mashine itauzwa na Kinect, utake usitake. Kwa ajili hiyo huko Marekani ikawa dola 499 wakati PS4 ilikuwa 399. Na walitaka mashine iwasiliane na mtandao angalau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu zako hazichezeki. Hata ukiwa na diski mkononi. Na kumpa mtu diski yako kukawekewa masharti.

Shangazi Rehema: Kitu nimekinunua mwenyewe, kumpa ndugu yangu niombe ruhusa?

Idi: Ndivyo watu walivyouliza, shangazi. Kiongozi wao alipobanwa kuhusu wasio na intaneti ya uhakika alijibu kwamba kwa hao ipo Xbox 360. Yaani bakini na ya zamani. Sony walichofanya ni video fupi mno ya jinsi ya kuazimana gemu za PS4. Mtu mmoja anamkabidhi mwenzake kasha la gemu. Mwenzake anashukuru. Imeisha.

Juma: Hahahaha hiyo niliiona!

Salma: Lakini walibadili, Idi. Uwe mwadilifu. Juni ya mwaka huo huo 2013 walifuta hayo masharti yote ya diski na ya saa 24, kabla mashine haijaingia sokoni.

Idi: Ni haki yao kusemwa hivyo. Walisikiliza na walifuta haraka. Angalia lakini kilichoifika Kinect yenyewe. Juni 2014, miezi michache tu tangu mashine iuzwe, wakaanza kuuza Xbox One bila Kinect. Oktoba 2017 wakatangaza wameacha kuitengeneza. Kitu walichosema hakitenganiki na mashine! Walioitengenezea gemu wakabaki na gemu zao, na walioinunua wakabaki na kamera juu ya televisheni.

Idi: Sikuwa hata mpenzi wa Kinect. Ila nikiwa nje nilitazama nikasema, kama wanaiacha hiyo waliyoilazimisha kwa watu, gemu yangu tulivu itadumu vipi hapo?

Salma: Hapo sina la kujibu. Niseme langu moja tu. Mimi niliipenda Xbox kwa sababu ya Halo ya skrini iliyogawanywa. Mimi na dada zangu kwenye kochi moja, kila mtu na kona yake ya skrini, na ukichungulia kona ya mwenzio ugomvi. Utoto wangu wote uko pale.

Idi: Na Halo 5?

Salma: Umeniweza.

Juma: Halo 5 ina nini?

Salma: Ilitoka 2015, na skrini ya kugawana wakaiondoa kabisa. Halo ya kwanza kuu isiyokuwa nayo. Nilinunua, nikakaa na dada yangu, tukatafuta kwenye menyu, haipo. Waliahidi baadaye kwamba itarudi. Kwenye Halo iliyofuata, Halo Infinite, ikarudi kwa mashindano, lakini kwenye hadithi tuliyoisubiri tucheze wawili, Septemba 2022 wakasema hawataitoa. Hilo liliniuma kweli, sikuwahi kulisema humu.

Idi: Pole dada. Wewe ulikuwa wao tangu siku ya kwanza.

Baba Mdogo: Sasa naona shauri limebadilika, shahidi wa upande wa pili anatoa ushahidi wa mshtakiwa.

Salma: Hapana Ba'mdogo, bado naitetea. Diski zangu nyingi za 360 zinafanya kazi kwenye Series X. Gemu za zaidi ya miaka 15! Walianza kazi hiyo 2015 na zinaonekana safi kuliko zamani. PS5 haiwezi kusoma diski ya PS3. Huko kukaa na kitu kwenyewe ndiko huko, Idi. Hapo walikaa.

Idi: Hapo walikaa, nakubali bila kinyongo. Katika yote waliyofanya, hilo ndilo ninalotamani wengine waige.

Salma: Na Ori? Umewahi kuniambia ulilia.

Idi: Ori and the Blind Forest, 2015. Nililia dakika kumi za mwanzo tu, kabla hata gemu haijaanza vizuri. Na ya pili ya 2020 ni nzuri vile vile. Lakini nilizicheza wapi, dada?

Salma: Kompyuta.

Idi: Kompyuta. Miaka hii kila gemu yao inatoka na huko siku ile ile. Kwa mchezaji ni jambo jema, na wewe mwenyewe ndiko ulikohamia. Kwa hiyo hata waliponipa gemu ya moyo wangu, sikuhitaji mashine yao ili niipate.

Idi: Na la mwisho, kisha niwaache mlale. Januari 2023, bila tangazo la awali, walionyesha Hi-Fi Rush na siku hiyo hiyo wakaitoa. Gemu ya kupigana kwa mapigo ya muziki, dunia nzima inatikisika na mdundo, miti, mabomba, hadi paka wa roboti anayefuatana na mhusika mkuu. Ilitengenezwa na Tango Gameworks, studio yao ya Tokyo, watu waliojulikana kwa gemu za kutisha, wakathubutu kitu cha furaha. Niliimaliza nikairudia. Watu waliisifu, ikapata tuzo, na Xbox wenyewe walisema hadharani imefanikiwa. Mei 2024 wakatangaza wanaifunga Tango.

Juma: Waliifunga baada ya kutoa hiyo?

Idi: Baada ya kutoa hiyo. Miezi 7 tu tangu wakamilishe kuinunua kampuni kubwa ya gemu, Activision Blizzard, kwa karibu dola bilioni 69. Ilibidi kampuni ya Korea Kusini, Krafton, ije Agosti kuiokoa Tango na jina la Hi-Fi Rush. Nilisoma habari ile ya Mei nikakaa kimya muda mrefu. Kama kulikuwa na mlango wangu wa kuingilia Xbox, ulikuwa huo.

Shangazi Rehema: Maskini. Na wale mafundi waliofanya kazi nzuri wakaambiwa wafunge virago.

Idi: Ndiyo shangazi.

Salma: Nimekuelewa, Idi. Sikulazimishi tena. Basi Juma, wewe je? Kama mama yako anaridhia.

Juma: MAMA

Shangazi Rehema: Usinipigie kelele kwenye simu. Inataka intaneti muda wote hiyo? Maana hapa intaneti ni ya kubahatisha.

Idi: Ile sheria ya saa 24 ilikufa, shangazi. Inataka mtandao siku ya kuiwasha mara ya kwanza, na kupakua masahihisho. Gemu za diski za siku hizi nyingi atacheza bila mtandao. Diski za 360 ndizo zenye mambo, mashine inaisoma diski kisha inapakua gemu yote upya, kwa hiyo hizo aziweke nikiwa nimekuja na mtandao wangu.

Shangazi Rehema: Basi achukue. Lakini ratiba naiweka mimi.

Juma: Ahsante mama, ahsante sana dada Salma! Naanza na Halo.

Salma: Anza na ile ya kwanza, kisha nitakuja kwenu nishike padi ya pili, tuicheze ile ya tatu skrini nusu nusu.

Idi: Na ukimaliza, weka Ori. Vaa spika za masikioni.

Salma: Idi, pita Jumamosi asubuhi uichukue umpelekee. Akaunti yangu nitakuwa nimeshaifuta. Na waya wa HDMI uchukue ule uliokuja nayo, usimpe wa kuokota.

Idi: Sawa dada. Nitaifunga mwenyewe.