Windows XP yangu inaona waifai za majirani, ya kwangu siku ipo siku haipo

Mpiga Picha Mstaafu (Tanga)

Habari zenu wakuu. Naomba mnivumilie nikieleza kwa kirefu. Fundi niliyemwita alinisikiliza nusu dakika, akasema "tupa hiyo mzee, nunua nyingine", akadai nauli.

Nilikuwa na studio ya picha Ngamiani. Studio nilifunga simu zilipotumaliza, lakini negativu sikutupa hata moja. Ninazo kwenye makasha ya viatu kumi na manne: harusi, maulidi, komunio ya kwanza, watoto wa arobaini. Siku hizi watu wananifuata nyumbani. Mtu kafiwa na mama yake, hana picha ya mama akiwa msichana, anakumbuka kuambiwa kwamba harusi ile niliipiga mimi. Basi natafuta, naiweka kwenye skana, nafuta vumbi, nampa.

Skana yenyewe ni Minolta ya filamu. Kampuni hiyo iliungana na Konica, na mwaka 2006 wakatangaza kuachana na kamera, hivyo programu yake mimi ninaiendesha kwenye XP, ile Windows ya zamani, na nimeshaizoea. Kompyuta ni Dell Latitude D620, mpakato wa mtumba uliokuja na kontena kutoka Marekani. Mpaka leo ina kistika cha maktaba ya shule ya huko, nimeshindwa kukibandua.

Sasa kisa. Mwezi uliopita kijana wangu katuwekea intaneti mpya na ruta mpya. Ile ruta ya zamani mpakato ulikuwa unaingia bila maneno. Kwa hii mpya, siku nyingine jina la mtandao wetu halimo kabisa kwenye orodha. La jirani lipo, la duka la dawa lipo, letu hakuna, na simu yangu iko hapo hapo mezani inalipata vizuri. Siku nyingine jina lipo. Nikibonyeza inaniuliza nywila, inaniuliza tena kuhakikisha, inasubiri, kisha inarudi pale pale kama haijanisikia.

Mke wangu anasema jambo hili hubadilika umeme ukikatika na kurudi. Nilimcheka. Kisha nikaanza kuandika kwenye kalenda, na wiki mbili sasa naona hakukosea. Jumatatu ulikatika, uliporudi jina likaonekana. Alhamisi ukakatika tena, likapotea mpaka Jumapili.

Jingine, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka kila nikichomoa waya wa umeme. Sijui kama linahusika.

Flashi msinitajie. Picha moja ni kama megabaiti 40, na flashi zangu zilizopita stesheneri zote zilirudi na ule ugonjwa wa kugeuza mafaili kuwa shotikati. Nataka tu picha zitoke chumba cha uani zifike kwenye laptopu ya mjukuu sebuleni.

Chuo Mwaka wa Pili

Shikamoo mzee. Tatizo ni hiyo saa. Kibetri cha ndani kimekufa, kile cha duara CR2032. Tarehe ikiwa mbaya waifai inakataa. Badilisha betri, itaingia.

Waya Mmoja (Dodoma)

Shikamoo mzee wangu.

Kwanza mdogo wangu hapo juu: betri ni kweli imekufa na abadilishe, lakini siyo inayozuia. Tarehe mbovu hukusumbua ukishaingia mtandaoni, tovuti zinalalamika kwamba cheti kimepitwa na wakati. Kuunga na ruta ya nyumbani kwa nywila ya kawaida hakuangalii kalenda.

Pili, mpe mama pongezi. Ameshatatua nusu.

Mzee, una matatizo mawili yaliyovaa kanzu moja, ndiyo maana ukikamata moja unakuta jingine. Siku jina halipo ni kisa kimoja. Siku jina lipo na inakataa ni kisa kingine.

La kwanza. Waifai ya 2.4 GHz imegawanywa chaneli, kama stesheni za redio. Huku kwetu ruta inaweza kutumia 1 hadi 13. Marekani vifaa vya nyumbani huishia 11, na kadi nyingi za waifai zilizouzwa soko la kule zilifungwa hivyo hivyo kiwandani. Mpakato wako una kistika cha shule ya Marekani, umejieleza mwenyewe! Sasa ruta yako bila shaka imewekwa "Auto". Kila inapowaka husikiliza majirani, ichague penye nafasi. Ikiangukia 12 au 13, kadi yako ni kiziwi huko. Simu inasikia, mpakato hausikii. Umeme ukikatika ruta inachagua upya. Kalenda yako ingetosha kuwa ushahidi mahakamani.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta (anwani iko kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1), sehemu ya waifai ya 2.4, ondoa Auto, weka 1, 6 au 11. Ukiwa hapo, upana wa chaneli uwe 20 MHz, na kama kuna orodha ya aina za waifai hakikisha herufi b na g zimo. Mpakato wa umri huo unaweza kuwa na kadi inayoishia g, ya megabiti 54.

La pili sitaki kubahatisha. Nenda kwenye alama ya kompyuta, bonyeza kipanya upande wa kulia, fungua sifa zake, uniambie imeandika Service Pack (kifurushi cha masasisho ya Windows) ya ngapi.

Binti Kisauni (Mombasa)

Shikamoo mzee. Mimi hayo ya chaneli yalinitesa na printa mwaka mzima, nikidhani ni jini.

Lakini kwa nini usivute waya? Huo mpakato una tundu la waya wa mtandao, na waya hauulizi nywila wala chaneli. Waweza kwenda mpaka mita 100. Halafu kuna programu yaitwa VueScan, inazifufua skana za zamani kwenye kompyuta mpya, hata hizo za Minolta. Ni ya kulipia, lakini.

Mpiga Picha Mstaafu

Marahaba wote.

Binti yangu, waya niliufikiria. Kati ya sebule na uani kuna ukumbi wa saruji, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa. Ya VueScan nimeiandika, ila nimezoea programu yangu, naijua namna inavyozitendea rangi filamu za Konica zilizopauka. Mzee hafundishwi ngoma mpya akiwa bado anaijua ya zamani.

Fundi wa Dodoma, nimeweka chaneli 6. Nimezima ruta na kuwasha mara tano, kwa makusudi. Jina lipo mara zote tano. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni anahesabu, hakusema neno, na hilo ndilo baya zaidi.

Kuingia bado inakataa. Imeandika Service Pack 2.

Waya Mmoja (Dodoma)

Nilitegemea hivyo.

XP yenye Service Pack 2 haikuja na WPA2, ambao ndio ulinzi wa waifai tulio nao karibu sote. Ilihitaji nyongeza iliyotoka 2005, na wengi hawakuiweka. Service Pack 3 ya mwaka 2008 ikaja nayo ndani. Ruta yako ya zamani lazima ilikuwa bado inakubali WPA ile ya kwanza, ndipo mkasikilizana. Hii mpya imefunga mlango huo, na ni haki yake.

Fanya mawili. Weka Service Pack 3; faili zima ni kama megabaiti 316, mjukuu alishushe kwa Microsoft wenyewe, siyo tovuti za vichochoroni, kisha alichome kwenye CD ili tukwepe flashi. Pia angalia ruta imewekwa ulinzi gani. Kama imeandika WPA2/WPA3 kwa pamoja, vifaa vya zamani vingine huchanganyikiwa hapo. WPA3 ilikuja 2018, mpakato wako ulishakuwa mtu mzima.

Nashauri usiuguse mtandao mkuu. Washa mtandao wa wageni kwenye hiyo ruta, uupe WPA2 yenye AES (namna yake ya kuficha data) peke yake, mpakato uingie huko.

Chuo Mwaka wa Pili

Kaka, si aweke tu bila nywila? Itaingia moja kwa moja.

Waya Mmoja (Dodoma)

Itaingia. Na mtaa mzima utaingia.

Mpiga Picha Mstaafu

Wakuu, IMEINGIA. Service Pack 3 ilichukua karibu saa nzima, feni ikilia kama pikipiki inayopanda Lushoto. Nikawasha tena, nikachagua mtandao wa wageni, nywila, na vile vijikompyuta viwili pale chini vikawaka.

Ila sasa laptopu ya mjukuu na mpakato wangu hazionani. Zote zina intaneti. Nimeingiza anwani ya ile nyingine kwa mkono, kimya. Mjukuu ana Windows 11.

Waya Mmoja (Dodoma)

Hapo nimekosea mimi, mzee, unisamehe. Mtandao wa wageni umeundwa ili mgeni asiwaone wenye nyumba. Anapata intaneti, basi. Nilifikiria usalama, nikasahau ulichokuja kutafuta.

Rudi hivi: mtandao wa wageni uzime. Mtandao mkuu wa 2.4 uwe WPA2 AES peke yake, na WPA3 ibaki kwenye 5 GHz, ile bendi ya pili ya ruta, ambako simu za vijana zinakaa. Kama majina ya 2.4 na 5 yameunganishwa kuwa moja, yatenganishe kwanza.

Lakini hata ukifanya hivyo, kushirikishana mafolda kwa njia ya kawaida kutagoma. XP inaongea SMB1 tu, lugha ya zamani ya kupeana mafaili. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita humo humo kikafunga kompyuta za hospitali Uingereza na kwingineko, na tangu mwishoni mwa mwaka huo Windows mpya huja bila hiyo SMB1. Utakutana na watu watakaokuambia uiwashe kwenye laptopu ya mjukuu. Usiiwashe.

Tumia FTP, njia nyingine ya kupeana mafaili. Mjukuu aweke programu ya FileZilla Server kwenye laptopu yake, afungue folda moja tu, jina na nywila. Wewe kwenye XP fungua dirisha lolote la mafolda, pale juu andika ftp:// ikifuatiwa na anwani ya laptopu yake. Folda itafunguka kama folda nyingine yoyote, unaburuta picha unaiachia.

Na XP haipati masasisho ya kawaida tangu Aprili 2014, kwa hiyo isiende intaneti kabisa. Ipe anwani kwa mkono, mfano 192.168.1.50 (hakikisha hakuna kifaa kingine chenye hiyo), kinyago (subnet mask) 255.255.255.0, na mahali pa lango (gateway) paache patupu. Bila lango itawaona wa ndani ya nyumba tu, nje haijui njia.

Binti Kisauni (Mombasa)

Hilo la kuacha lango tupu naiba. Nina mashine ya kudarizi yaendeshwa na kompyuta ya aina hiyo hiyo.

Mpiga Picha Mstaafu

Nimechelewa kurudi, tulikuwa na msiba mtaani.

Nimefanya yote. Majina ya waifai yalikuwa yameunganishwa kweli, mjukuu akayatenganisha. Anwani nilikosea kidogo, nikaweka mkato mahali pa nukta, nusu saa ikapotea hapo. FileZilla iligoma mpaka mjukuu akaruhusu kitu kwenye ulinzi wa Windows yake. Sikuelewa, ila aliuliza kwanza kabla ya kubonyeza, nikafurahi.

Picha ya kwanza niliyoipeleka ni ya mwaka 1991. Bibi harusi kakaa kwenye kochi la kukodi, nyuma yake pazia langu la studio lenye minazi. Binti yake yuko Muscat, amekuwa akiisubiri tangu kabla ya Ramadhani. Nikaiburuta, nikaiachia, kile kipimo kikaanza kutambaa. Kutoka uani, kuta mbili katikati, nilihesabu sekunde hamsini na kitu. Kisha nikasikia mjukuu anapiga kelele sebuleni, "Babu, huyu nani?"

Mke wangu alikwenda kumjibu. Anawakumbuka wote, hata majina ya wapambe.

Betri ya saa nayo nimenunua ili kijana wa chuo asijione kapoteza muda. Yangu ina vijiwaya viwili na kichomeko, msije mkanunua ile tupu ya duara kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza.

Chuo Mwaka wa Pili

Asante mzee 🙏 Na hizo negativu, unasafisha bei gani? Bibi yangu aliolewa Tanga, Chumbageni.

Mpiga Picha Mstaafu

Mwaka gani, na alivaa shela au buibui? Niambie hayo kwanza, bei tutaongea faragha.