Mbwa jike wetu ana miezi 10 ameanza kutoa damu, tumpandishe au tusubiri?

Mkulima_Mufindi:
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri hasa kwa mnaofuga mbwa shambani na familia ikiwa humo humo. Tuko Mufindi, tunalima mahindi na viazi na ng'ombe wa maziwa wachache, wezi na nguruwe pori walitusumbua sana ndo tukachukua German Shepherd wawili, jike na dume, mama mmoja baba mmoja. Sasa jike ana miezi 10 na juzi kaanza kutoa damu. Wife anasema huyo bado mtoto tumuache, mdogo wangu anasema tumpandishe na huyo huyo dume, watoto tuuze tupate hela ya mbolea. Wanangu wawili ndo wanaowalisha na kushinda nao kutwa kwa hiyo nataka na wao wawe salama. Chakula ni ugali wa dona na dagaa, tukichinja wanapewa utumbo. Nifanyeje?

MamaDoreen:
Msikilize shemeji kaka. Miezi 10 mwili wake wenyewe bado unakua, ukimpa na mimba hapo anagawana na watoto hicho kidogo alichonacho. Huwa wanapata joto (kile kipindi cha kutoa damu na kutaka dume) kila baada ya miezi 6 au zaidi kidogo, kwa hiyo subiri afikishe kama miaka 2 hivi. Na kwa mbwa hao wakubwa umri huo ndo unaweza kumpiga eksrei ya nyonga maana German Shepherd nyonga zinawasumbua mno na wanarithishana.

Chui_wa_Kilolo:
Mnamtisha tu mwenzenu. Mbwa wa kwetu kijijini wanapandana ndugu kwa ndugu toka enzi za babu na wako fiti, wanalala nje na nguruwe wanakimbiza.

Bwana_Mifugo:
Chui ndugu yangu, hao unaowaona fiti ni waliobaki, waliokufa wadogo hakuna aliyewahesabu. Halafu mbwa wa kienyeji damu yao imechanganyika sana, wakati hawa wa kununua mara nyingi wameshazalishwa ndani ya ukoo mmoja muda mrefu, sasa ukimpandisha na kaka yake unayaleta pamoja magonjwa ya baba na mama yote. Mkuu mwenye uzi, usimpandishe na huyo dume, sio sasa sio baadaye. Akikomaa tafuta dume wa ukoo mwingine uliyemuona kwa macho, mpole kwa watoto, na asiwe anazurura, maana kuna uvimbe wa sehemu za siri unaambukizwa kwa kupandana, unakuwa kama koliflawa inayochuruzika damu, unatibika kwa sindano za daktari ila ni za wiki kadhaa.

Utumbo, maini na mapafu mabichi acha kabisa, vipikwe, humo hasa kwenye maini na mapafu kuna tegu ambaye mbwa akimpata anatoa mayai kwenye kinyesi na mtoto wako akishika manyoya akala bila kunawa anaweza kuota uvimbe wa maji kwenye ini. Dona nayo iangalie, mahindi yenye ukungu msiseme tuwape mbwa, sumukuvu inamaliza ini la mbwa, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara iliua hadi watu.

Mkulima_Mufindi:
Dah hiyo ya utumbo sikuijua, wife kashasoma hapa na leo leo sufuria la mbwa limetengwa. Sasa nawatenganishaje? Wanalala banda moja.

Bwana_Mifugo:
Joto ni kama wiki 3. Siku 9 hivi za mwanzo anatoa damu nzito na dume anafukuzwa, watu wanajidanganya damu ikipauka wanasema imeisha kumbe hapo ndo anakubali. Mfungie jike sehemu yenye sakafu ya zege maana dume atachimba chini ya ukuta, na nje mtoe na kamba mkononi mwa mtu mzima, sio watoto.

MamaDoreen:
Na siku ukija kumpandisha piga hesabu ya siku 63, asizae Juni au Julai, kwa baridi ya Mufindi vitoto vinakufa, wiki 2 za mwanzo haviwezi kujipasha joto vyenyewe. Dawa ya minyoo vianze wiki ya 2 kisha kila baada ya wiki 2, na mama naye anywe, maana minyoo hiyo inaingia hadi kwa watoto wa watu. Chanjo ya parvo (ugonjwa wa kutapika na kuhara damu unaoua vitoto) waanze wiki ya 6 hadi 8, warudie kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Kichaa cha mbwa miezi 3, hii hao wako wawili kama hawajachanjwa nenda kesho, usisubiri kampeni ya Septemba. Na usiuze kitoto chini ya wiki 8 hata mteja alie.

Chui_wa_Kilolo:
Mama, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe si inafaa na kwa vitoto?

MamaDoreen:
Hapana! Vitoto watoe kupe kwa mkono, dawa hiyo inawalegeza wanakufa. Wakubwa muulize daktari kipimo kwanza.

Mkulima_Mufindi:
Nashukuruni sana wakuu. Mdogo wangu nimemsomea kakubali, kesho dume anahamia kwa shemeji mpaka wiki 3 ziishe na wote wawili tunawapitisha kwa daktari wa mifugo kwanza. Kama kuna mtu Iringa au Njombe ana dume wa ukoo mwingine tuwasiliane inbox, sio haraka, ni ya mwakani.