Kofia nyeupe na ushungi wa Wahui wa China: ni vazi la dini au la kabila?

Fundi wa Viua aliuliza:

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mshonaji wa kofia za viua hapa Unguja, na siku hizi nimevutiwa sana na picha za Waislamu wa China wanaoitwa Wahui, hasa wale wa Ningxia na wa mji wa Linxia ulioko katika jimbo la Gansu. Katika picha moja ya swala ya Idi, karibu wanaume wote wamevaa kofia nyeupe za duara, fupi na zisizo na ukingo, lakini katika safu ya mbele wamo wazee waliovaa kofia zenye pembe, zilizochongoka kuelekea juu. Katika picha nyingine wanawake wamejifunika vichwa kwa vitambaa vya kijani, vyeusi na vyeupe. Naomba kufahamishwa kama mavazi haya yameletwa na dini, au ni ya kabila na dini imeyakuta tu. Je, hizo rangi na pembe zina maana, au kila mtu huvaa apendavyo?

Msomaji wa Mashariki alijibu:

Waaleikum salaam, fundi. Wahui ni wazawa wa wafanyabiashara, askari na mafundi Waarabu na Waajemi waliohamia China tangu enzi za Tang (ukoo wa kifalme wa karne ya 7 hadi ya 10), na kwa wingi zaidi wakati wa utawala wa Wamongolia, wakaoa wenyeji na kuzaa jamii ambayo leo ina zaidi ya watu milioni 11. Watawala wa Ming, ukoo uliowaondoa Wamongolia, walipoingia madarakani mwaka 1368 walipiga marufuku mavazi na lugha za kigeni, na tangu hapo Wahui wakazungumza Kichina na kuvaa kama majirani zao Wahan, ambao ndio kabila kubwa zaidi la China. Ndiyo maana ukiutazama mwili wa vazi lao unauona Uchina mtupu: joho refu linalofungwa ubavuni, vifungo vya kitambaa kilichosokotwa, na kizibao cheusi kinachovaliwa juu ya shati jeupe.

Mkono wa dini unaonekana zaidi pale ambapo vazi linakutana na ibada. Kofia haina ukingo kwa sababu ileile inayokufanya wewe usiweke ukingo katika kofia zako, yaani paji la uso lifike chini wakati wa kusujudu bila kizuizi. Weupe nao una uzito wa pekee kule. Mtume (S.A.W.) alihimiza nguo nyeupe kwa walio hai na kwa sanda, ilhali kwa Wahan nyeupe ni rangi ya msiba, kwa hiyo mtu aliyevaa kofia nyeupe sokoni alitambulikana papo hapo. Zamani Wachina waliwaita Wahui wa kofia nyeupe, na Wayahudi wa mji wa Kaifeng, waliovaa kofia za buluu katika sinagogi lao, wakaitwa Wahui wa kofia za buluu.

Jambo jingine ninalolipenda ni soksi za ngozi. Majira ya baridi ya Ningxia na Gansu maji huganda, na kuosha miguu mara tano kwa siku ni mateso, hasa kwa wazee. Sheria inamruhusu aliyezivaa akiwa na udhu apanguse juu yake kwa mkono wenye maji badala ya kuosha miguu, kwa muda wa mchana na usiku wake kwa mkazi, na siku tatu kwa msafiri. Hapo fikihi imeingia moja kwa moja katika kazi ya fundi ngozi, maana soksi yenyewe haina budi kufunika vifundo vya miguu.

Mwana wa Lamu alijibu:

Naomba niongeze kuhusu akina mama. Kitambaa hicho huitwa gaitou, na kwa kawaida hushonwa kikafungwa chini ya kidevu, kisha huvalishwa kichwani kwa kukivuta, kikafunika nywele, masikio na shingo na kushuka mabegani, uso ukibaki wazi. Asili yake ni amri ya Surat An-Nur, aya ya 31, ya kuteremsha shungi hadi vifuani. Kwa desturi iliyozoeleka kaskazini-magharibi, wasichana huvaa kijani, wanawake walioolewa huvaa cheusi, na wazee huvaa cheupe kinachoshuka hadi mgongoni. Mgawanyo huo wa rangi kwa umri haumo katika Qurani. Ni mila yao wenyewe, na mimi naiona nzuri, kwa kuwa wameichukua amri moja wakaitumia pia kuheshimu rika. Vya wasichana hutariziwa maua pembeni, na maua yanapendwa kwa sababu wacha Mungu wengi huepuka kuchora watu na wanyama.

Mwanafunzi wa Historia alijibu:

Nakubaliana na wenzangu kwa sehemu kubwa, ila jibu la kwamba ni vazi la dini halitoshi. Tangu miaka ya 1950 serikali ya China imewaorodhesha Wahui kama kabila, na mwaka 1958 ikaundwa Ningxia kuwa mkoa wao wenye mamlaka ya ndani. Kofia nyeupe ikawa pia alama ya kabila, hata ikavaliwa na mwenye mgahawa wa nyama ya kondoo ambaye haswali. Kwa upande mwingine, Beijing au Guangzhou utakutana na Mhui mswalihina aliyevaa kama Mchina yeyote, akaitoa kofia yake mfukoni anapofika mlangoni mwa msikiti. Isitoshe, tangu Hija iliporuhusiwa tena mwishoni mwa miaka ya 1970, mabinti wengi wameiacha gaitou wakachukua mitandio ya mtindo wa Malaysia na wa nchi za Ghuba. Mitandio hiyo inatimiza sharti lilelile la stara, lakini nasikitika kwamba ile lugha ya rangi na umri inapotea pamoja na gaitou.

Kuhusu wazee wa safu ya mbele, fundi, kofia ya pembe sita hujulikana hasa kwa wafuasi wa Jahriyya, tawi la twariqa ya Nakshibandi (njia mojawapo ya Masufi) linaloleta dhikri kwa sauti. Mwanzilishi wake, Ma Mingxin, alisoma Yemen, akarejea Gansu mwaka 1744, na akauawa na serikali ya Qing, ukoo uliokuwa ukiitawala China wakati huo, huko Lanzhou mwaka 1781. Pembe sita hufasiriwa kuwa ni nguzo sita za imani. Ukitaka kuishona, utahitaji vipande sita vya pembetatu vinavyokutana kileleni, vikiungwa chini na mshipi wa kitambaa unaoishia mwanzo wa nywele bila kulifunika paji la uso, ili ibaki kofia ya kuswalia.