Miezi 5 sinusi kitu, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mafua makali yaliisha, lakini yaliondoka na uwezo wangu wa kunusa. Daktari alinichungulia puani, hakuona vinyama wala uvimbe, akasema neva za kunusia huwa zinaota upya, ila polepole. Akanipa zoezi: ninuse waridi, limau, karafuu na mkaratusi, kila moja sekunde 20 hivi, asubuhi na jioni, angalau wiki 12. Niko wiki ya 7. Juzi karafuu imeanza kunijia, lakini inanuka kama mpira unaoungua! Kahawa ndiyo usiseme. Huku ni kupona au naharibikiwa zaidi? Aliyepitia haya, ilimchukua muda gani? Na gesi ikivuja jikoni, mlikuwa mnajuaje?